Giuseppe Peano, Mwalimu wa Namba

Ndugu zangu, mara hii mhariri ameniomba niandike habari za mtu mashuhuri. Nimemchagua Giuseppe Peano, mtaalamu wa hesabu wa Italia. Zile alama za muungano na makutano ya seti, zilizotutoa jasho darasani hapa Iringa, yeye ndiye aliyezianzisha.

Alizaliwa tarehe 27 Agosti 1858 katika familia ya wakulima, kijiji cha Spinetta, karibu na mji wa Cuneo. Yeye na kaka yake walikwenda shule mjini kwa miguu, kama wengi wetu. Mjomba wake, padri aliyekuwa pia mwanasheria, alipoona kijana ana akili alimchukua akae naye Torino, mji walikotoka Wamisionari wa Consolata waliofika Iringa mwaka 1919. Peano aliingia Chuo Kikuu cha Torino mwaka 1876, akahitimu 1880, kisha akafundisha hapo hapo maisha yake yote.

Mwaka 1889 alitoa kitabu kidogo kwa Kilatini kueleza msingi wa namba. Kanuni zake ni chache: moja ni namba, kila namba ina namba inayoifuata, moja haifuati namba yoyote. Jambo likiwa kweli kwa moja, na likipita kutoka kila namba hadi inayofuata, basi ni kweli kwa zote. Bertrand Russell wa Uingereza alikutana naye Paris mwaka 1900, akarudi kwao na njia mpya ya kazi.

Lakini Peano alitaka hesabu zote ziandikwe kwa alama tupu, na wanafunzi wake akawafundisha hivyo hivyo. Wakalalamika kwamba hawamwelewi. Mwaka 1901 kazi yake katika chuo cha jeshi ikakoma.

Hapo nami najiona. Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, huko Mbeya, nilijaza ubao alama nikajihesabu bingwa. Mtihani ulipokuja, zaidi ya nusu ya darasa hawakufaulu, na kijana mmoja aliyetoka mbali akaacha shule. Kosa lilikuwa langu, na sikupata nafasi ya kumwambia.

Peano alifariki tarehe 20 Aprili 1932. Siku iliyotangulia alikuwa amefundisha. Ninyi mnaoendelea na kazi hii, anzeni na moja. Msiende kwenye mbili kabla yule wa nyuma kabisa hajafika.