Mtakatifu Fransisko Ksaveri: Mgeni wa Pasaka katika Miji ya Wareno

Kwaresima inapokaribia kwisha, wengi wetu huanza kufikiria safari ya kwenda kuadhimisha Pasaka nyumbani. Wapo hata hivyo wasioweza kusafiri: mgonjwa aliyelazwa Bugando, mvuvi aliye kambini visiwani, mwanafunzi asiye na nauli, mfanyakazi ambaye zamu yake imeangukia Dominika yenyewe. Hao huadhimisha Ufufuko wa Bwana wakiwa wageni. Katika orodha ya watakatifu wa Kanisa, mmojawapo anayewafahamu vema ni Mtakatifu Fransisko Ksaveri, msimamizi wa misheni, ambaye tangu alipoitwa kuwa mmisionari hakuadhimisha tena Pasaka hata moja nyumbani kwao.

Fransisko alizaliwa tarehe 7 Aprili 1506 katika ngome ya Xavier, nchi ya Navarra, ambayo leo ni sehemu ya Hispania. Mwaka 1525 alikwenda Paris kusoma, akiwa kijana mwenye akili nyingi na tamaa ya cheo. Huko aliishi chumba kimoja na Pierre Favre, na baadaye na Inyasi wa Loyola, aliyekuwa amewazidi wote wawili kwa umri. Ilimchukua Inyasi muda mrefu kumgeuza moyo. Tarehe 15 Agosti 1534 wenzi saba waliweka nadhiri huko Montmartre, Fransisko akiwa mmoja wao, na tarehe 24 Juni 1537 akapewa daraja ya upadre huko Venezia. Kundi hilo dogo ndilo lililokuja kuwa Shirika la Yesu, yaani Wajesuiti.

Mfalme João III wa Ureno aliomba mapadre kwa ajili ya nchi za India. Inyasi alikusudia kuwapeleka Simão Rodrigues na Nicolás Bobadilla, lakini Bobadilla akaugua. Fransisko aliitwa kushika nafasi yake, akakubali mara moja, na katikati ya mwezi Machi 1540 akaondoka Roma. Pasaka ya mwaka huo iliangukia tarehe 28 Machi, naye wakati huo alikuwa Bologna, safarini. Ndivyo zilivyoanza Pasaka zake za ugenini.

Alifika Lisbon mwezi Juni. Mji huo ulikuwa umetajirika kwa biashara ya pilipili na viungo, na pia kwa biashara ya watumwa waliotolewa Afrika. Fransisko na Rodrigues walikuwa wageni wa mfalme, na milango ya wakubwa ilikuwa wazi mbele yao. Wao walichagua makao karibu na Hospitali ya Watakatifu Wote, wakahudumia wagonjwa, wakawaendea wafungwa, wakaungamisha watu wa ikulu na watu wa mitaani pasipo kubagua. Watu wa Lisbon waliwaita mitume, na mfalme alitamani kuwabakiza wote wawili. Hatimaye ilikubaliwa Rodrigues abaki na Fransisko aende.

Hapo panahitaji kutazamwa kalenda. Fransisko alikaa Lisbon karibu miezi kumi, na Kwaresima ya mwaka 1541 aliitumia humo, akiwaandaa wengi kwa ungamo la Pasaka. Merikebu ziling'oa nanga tarehe 7 Aprili, siku aliyotimiza umri wa miaka 35. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, siku tatu kabla ya Dominika ya Matawi. Wale aliowaandaa waliiadhimisha sikukuu katika makanisa yao, na mwandaaji wao akaipokea baharini, katikati ya mabaharia na askari waliokuwa wakitapika na kuhara. Mheshimiwa mmoja alikuwa amemtaka achukue mtumishi, kwa kuwa haikufaa mjumbe wa Papa aonekane akifua nguo zake au akijipikia. Fransisko alimkatalia. Alizifua nguo zake mwenyewe, na za wagonjwa pia.

Kwa nini merikebu hazikungoja juma moja zaidi? Wakazi wa pwani yetu wanaijua sababu. Safari zote za Bahari ya Hindi zilitawaliwa na pepo mbili, kaskazi na kusi. Merikebu za Ureno zilipaswa kuondoka Lisbon mwezi Machi au Aprili ili zizunguke ncha ya kusini ya Afrika na kuiwahi kusi kabla haijakoma. Nazo merikebu za kutoka Goa kwenda Malaka ziliondoka mwezi Aprili. Hivyo majira ya Pasaka yalikuwa pia majira ya kutweka tanga, na maisha ya Fransisko yalifuata pepo hizo hadi mwisho wake.

Hata hivyo merikebu za mwaka 1541 zilichelewa. Zilifika Kisiwa cha Msumbiji zikiwa zimeikosa kusi, ikabidi abiria wakae hapo takriban nusu mwaka. Kisiwa hicho kilikuwa kituo cha Wareno katika pwani ya Waswahili, chenye ngome, hospitali na joto kali. Homa iliwashika abiria wengi, na wengi wakazikwa hapo. Fransisko na wenzake wawili waliwahudumia usiku na mchana, mpaka yeye mwenyewe akaangushwa na homa na kutolewa damu mara kadhaa, kama ilivyokuwa desturi ya waganga wa wakati huo. Mapema mwaka 1542 gavana alipoondoka pamoja naye, wenzake walibaki kisiwani kuwauguza waliokuwa hawajapona.

Njiani merikebu ilitia nanga Malindi, mji wa Kiislamu uliokuwa na urafiki wa siku nyingi na Wareno. Urafiki huo wenyewe ulizaliwa katika Pasaka: Vasco da Gama alifika mbele ya Malindi jioni ya tarehe 14 Aprili 1498, mkesha wa Dominika ya Pasaka, baada ya kufukuzana na watu wa Msumbiji na Mombasa. Sultani wa Malindi aliwapokea wageni hao, na hatimaye akawapa rubani wa kuwavusha hadi India. Hivyo Wakristo wa kwanza kutoka Ureno kuadhimisha Pasaka katika pwani yetu waliiadhimisha wakiwa wageni wa Waislamu. Inatupasa kuukumbuka ukarimu huo, hasa kwa kuwa Vasco da Gama huyo huyo aliporudi mwaka 1502 aliilazimisha Kilwa kwa mizinga kulipa kodi.

Fransisko aliteremka Malindi ili amzike mtu mmoja aliyefia merikebuni. Aliongoza mazishi kwa taratibu zote za Kanisa, na Waislamu wa mji waliotazama walivutiwa na jinsi Wakristo wanavyowaheshimu wafu wao. Baadaye mzee mmoja aliyeheshimika mjini alimweleza kwa masikitiko kwamba kati ya misikiti 17 ya Malindi, ni mitatu tu iliyokuwa bado na watu wa kuswali, na hata hao walikuwa wachache. Alitaka kujua kama Wakristo nao wamepoa hivyo. Walizungumza kwa muda mrefu, na ingawa hawakukubaliana juu ya sababu, walisikilizana. Hii ndiyo ziara ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri katika Afrika Mashariki: kaburi moja la msafiri na mazungumzo ya watu wawili wanaomtafuta Mungu.

Pasaka ya mwaka 1542 ilikuwa tarehe 9 Aprili, naye alikuwa bado safarini. Tarehe 6 Mei alifika Goa, mji mkuu wa Wareno katika Asia, wenye makanisa mengi na maovu mengi. Akaanza pale pale alipoachia Lisbon. Alilala hospitalini karibu na wagonjwa mahututi. Alikwenda magerezani. Siku za Dominika aliadhimisha Misa kwa ajili ya wagonjwa wa ukoma nje ya mji. Alasiri alipita mitaani akipiga kengele, akiwaita watoto na watumwa waje kusikiliza katekisimu, ambayo aliwafundisha kwa kuimba ili waikumbuke. Kutoka hapo alikwenda kwa wavuvi maskini wa kusini mwa India, kisha Malaka na visiwa vya Maluku.

Tusimfanye malaika. Katika barua zake kwa mfalme aliwakemea vikali maofisa wa Kireno kwa uroho wao, lakini mwaka 1546 aliomba pia mahakama ya kuchunguza imani ianzishwe Goa. Mahakama hiyo ilianzishwa mwaka 1560, yeye akiwa ameshafariki, na iliwatesa watu wengi. Mtakatifu naye ni mtoto wa zama zake. Kinachobaki kuwa mwanga kwetu ni upendo wake kwa mgonjwa, mfungwa, mtoto na marehemu asiye na jamaa.

Mwaka 1549 aliondoka Goa kwenda Japani. Tarehe ilikuwa 15 Aprili, Jumatatu ya Juma Kuu. Kwa mara nyingine upepo haukungoja liturujia. Alifika Kagoshima tarehe 15 Agosti, akahubiri kwa zaidi ya miaka miwili. Mwaka 1552 Pasaka iliangukia tarehe 17 Aprili, na katika siku hizo hizo aliondoka Goa kwa mara ya mwisho, akikusudia kwenda China. Hakufika. Kisiwani Shangchuan, akiitazama nchi aliyoitamani, alishikwa na homa akiwa ndani ya kibanda, pamoja na kijana Mchina aitwaye António. Alifariki tarehe 3 Desemba 1552, mwenye miaka 46. Yeye aliyewazika wageni Msumbiji na Malindi alizikwa na watu wachache mno, ufukweni, katika ardhi isiyo yake.

Mwili wake haukubaki hapo. Ulipelekwa Malaka, na kutoka Malaka ukarudishwa Goa. Ulifika tarehe 16 Machi 1554, Ijumaa iliyotangulia Dominika ya Matawi. Umati mkubwa ulimiminika kuupokea, na kwa siku kadhaa watu walipita mbele yake. Juma lililofuata Goa iliadhimisha Juma Kuu, na Fransisko, aliyekuwa ameuacha mji huo mara mbili kwa sababu ya tanga, safari hii alibaki. Hadi leo mwili wake umehifadhiwa huko, katika Basilika la Bom Jesus. Papa Gregori XV alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 12 Machi 1622, pamoja na Inyasi rafiki yake, na mwaka 1927 Papa Pio XI alimfanya msimamizi wa misheni pamoja na Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu.

Ndugu msomaji, maisha haya yanatufikia huku ziwani kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya shukrani. Wamisionari wa Afrika, wale tuwaitao Mapadre Weupe, waliondoka bandari ya Marseille katika siku za Pasaka ya mwaka 1878. Walitembea kwa miguu kutoka Bagamoyo, wengine wakafa njiani, na kufikia mwisho wa mwaka huo walionusurika walikuwa wamefika ufukwe wa kusini wa Ziwa Nyanza. Imani yetu imeletwa na watu walioiacha Pasaka ya kwao ili sisi tuwe nayo.

Njia ya pili iko Igoma. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya abiria wakapoteza maisha. Wengi ambao hawakutambuliwa walizikwa Igoma. Siku hiyo Kanisa lilikuwa bado katika kipindi cha Pasaka, siku tano kabla ya Pentekoste. Waliolala pale walikuwa safarini kama Fransisko, na kama yule msafiri wa Malindi walizikwa na watu wasiowajua. Kila anayepita hapo katika Oktava ya Pasaka na kusali kwa ajili yao anafanya kazi aliyoifanya mtakatifu huyu katika pwani yetu: anamtamkia Ufufuko mtu asiye na ndugu karibu.

Basi Pasaka hii, kabla ya kuketi mezani, tumtafute mgeni aliye jirani yetu. Apo mpangaji ambaye hakuweza kusafiri, apo mgonjwa asiyetembelewa, apo mfungwa. Nawe uliye mbali na kwenu, usidhani sikukuu imekupita. Kristo mfufuka aliwatokea wanafunzi wa Emau akiwa kama mgeni njiani, nao wakamtambua katika kuumega mkate.

Mtakatifu Fransisko Ksaveri, msimamizi wa misheni, utuombee.