NANI ATALIPIZA KISASI CHAKO?



Karatasi hii imekufikia pengine stendi ya Korogwe, pengine gulioni Handeni, au umetoka kukata mkonge na mikono bado inauma. Usiitupe kwanza. Hivi moyoni mwako hakuna mtu ambaye ukisikia amekufa utafurahi? Huenda ni yule aliyeingiza ng'ombe shambani wakamaliza mahindi yako. Huenda ni ndugu wa damu aliyekudhulumu shamba la marehemu baba. Umeapa utamkomesha. Umefikiria panga, umefikiria na mganga. Basi soma habari za mtu aliyekuwa na adui mkubwa kuliko wako.

Jina lake Festo Kivengere. Alizaliwa Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, akachunga ng'ombe, halafu akawa mwalimu. Ujana wake alikuwa mlevi. Usidhani ni mgeni kwetu, maana miaka ya 1940 na 1950 alifundisha shule Dodoma. Alipookoka, jambo moja lilimkosesha raha: alimchukia sana Mzungu mmoja. Akapanda baiskeli, akanyonga pedali kama kilometa 80, akaenda kumwomba Mzungu yule msamaha. Kilometa 80, kijana! Wewe jirani yako yuko hatua ishirini na hamsalimiani.

Lakini baiskeli ile ilikuwa mazoezi tu. Mwaka 1971 Idi Amin akapindua serikali, na damu ikaanza kumwagika. Februari 1973 watu watatu walipigwa risasi hadharani katika uwanja wa Kabale, watu maelfu wakiangalia. Festo, wakati huo askofu, aliruhusiwa kusema nao kabla hawajafa. Alikwenda awafariji, akakuta nyuso zao zinang'aa, wamekwisha kumpokea Yesu. Wakafa wameinua mikono yenye pingu.

Halafu ikaja tarehe 16 Februari 1977. Askofu Mkuu Janani Luwum aliitwa Kampala pamoja na maaskofu wenzake, Festo akiwamo. Wengine wakaambiwa waende nyumbani. Luwum akabakizwa. Kesho yake serikali ikatangaza ajali ya gari, yeye na mawaziri wawili. Ajali gani, wakati mwili wake ulikuwa na matundu ya risasi? Baada ya siku chache Festo akaonywa kwamba sasa zamu ni yake. Usiku yeye na mkewe Mera wakapanda milima kwa miguu mpaka Rwanda.

Sasa sikiliza vizuri. Huyu ni askofu, mhubiri anayejulikana duniani, na bado moyo wake ulikuwa unakauka kwa chuki. Hakujificha, alieleza mwenyewe. Ijumaa Kuu ya mwaka ule, hata miezi miwili haijatimia, alikuwa amekaa kanisani London. Yakasomwa mateso ya Yesu, jinsi alivyowaombea msamaha wale waliompigilia misumari. Yakamchoma. Akaona kwamba Amin naye yumo katika maombi yale, na kama Yesu hakumtoa, yeye Festo atamtoaje? Akamsamehe hapo hapo. Mwaka huo huo akaandika kitabu, jina lake maana yake ni Nampenda Idi Amin.

Angalia basi, Amin hakuomba radhi. Alikuwa bado anaua!

Utasema, basi muuaji aachwe tu? Hapana, bwana. Warumi 12 inakuambia umwachie Mungu kisasi, na sura inayofuata inasema mtawala amepewa upanga kwa ajili ya mtenda maovu. Polisi na mahakama wana kazi yao. Kusamehe ni wewe kushuka kwenye kiti cha hakimu, maana si chako. Mwizi akishikwa, tunakusanyika na tairi na mafuta ya taa, na wewe umerusha jiwe moja tu, sivyo? Nani alikupa upanga?

Amin alivamia Kagera mwaka 1978. Huenda babu yako alikuwa katika vita ile. Aprili 1979 Kampala ikaanguka, Amin akakimbia, na Festo akarudi nyumbani kwake Kigezi, kwa wajane na yatima, akiwahubiria msamaha watu waliotaka damu. Alifariki mwaka 1988. Amin aliishi Saudi Arabia, akafa 2003, hakusimama mahakamani hata siku moja. Ndiyo, inauma. Mbele ya Mungu, hata hivyo, hakuna uhamishoni pa kukimbilia, kwake wala kwako.

Kama jina la mtu limekujia wakati unasoma, lishike. Jioni baada ya mahubiri wapo watumishi pembeni ya jukwaa. Njoo ulitaje, tuombe pamoja. Na kama ni kesi ya kupeleka polisi, hatutakuzuia, tutakusindikiza.