TJ Mboya: Msee wa Ziwani aliyemchimbia Jaramogi shimo, kisha likamgeukia

Kama wewe ni mtu wa Eastlando, huyu jamaa unampita karibu kila siku. Ukishuka mat pale Ambassadeur ukitoka Umoja ama Buru, yeye ndiye huyo amesimama Moi Avenue. Unaambia beshte yako mpatane kwa sanamu ya Mboya, mnapatana, mnasonga. Lakini stori ya vile alifika hapo ni noma kuliko siri-kali yoyote ushawahi kuona kwa TV.

Thomas Joseph Mboya, wasee wakimwita TJ, alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika. Buda yake alikuwa mnyapara wa shamba la mkonge, familia ikiwa ya kisiwa cha Rusinga. Doo ya masomo iliisha mapema, so akaenda kusomea ukaguzi wa afya Kabete. 1951 akaandikwa na kanjo ya Nairobi. Ndio, TJ alianza kama mtu wa kanjo! Akaishi Ziwani, mtaa wa Waafrika wakati huo, na hapo kazini akaona mzungu akilipwa mara kadhaa zaidi yake kwa kazi ile ile. Akaamua haiwezi.

Akaunda chama cha wafanyakazi wa kanjo, na kufika 1953 alikuwa ndiye katibu mkuu wa shirikisho la vyama vyote vya wafanyakazi Kenya. Kumbuka hiyo ilikuwa Hali ya Hatari. Kina Kenyatta wako ndani, vyama vya siasa vimepigwa marufuku, na 1954 makarao na wanajeshi wakapiga msako mtaa kwa mtaa, maelfu wakabebwa kwa malori. Chama cha wafanyakazi ndicho kilibaki mdomo wa watu. 1955 wasee wa bandari ya Mombasa walipogoma, TJ akaenda kuwatetea na wakaongezwa mshahara kwa asilimia 33. Alikuwa na miaka 24 tu.

1957 akasimama kiti cha Nairobi dhidi ya Argwings-Kodhek, wakili wa kwanza Mwafrika nchini, akamlima. Mwaka uliofuata alikuwa Accra, kwa Nkrumah, akiongoza kama mwenyekiti mkutano wa vyama vya Afrika nzima. 1959 akapanga ndege ya kupeleka wanafunzi 81 Marekani, na zingine zikafuata. Wangari Maathai alienda majuu kupitia mpango huo mwaka wa 1960.

Lakini kura ambayo Eastlando inafaa kukumbuka ni ya 1961, Nairobi Mashariki. Mpinzani alikuwa Dkt. Munyua Waiyaki, Mkikuyu, na wapiga kura wengi walikuwa Wakikuyu. TJ ni Mjaluo. Ukipiga hesabu za kabila, alikuwa amekwisha. Akashinda kwa mbali sana. Mitaa ilimpigia kura juu ya kazi, si jina la babake.

Sasa shida ikaanza. Ndani ya KANU kulikuwa na majogoo watatu: Mzee Kenyatta, Jaramogi Oginga Odinga na TJ. Jaramogi alikuwa mzae kwake kwa karibu miaka 20, na wote wawili walitoka upande wa ziwa. Lakini hawakuivana. Jaramogi alikuwa na marafiki Moscow na Beijing, TJ alikuwa na wake Washington. Baada ya uhuru Jaramogi akawa makamu wa rais, TJ akawa waziri, na kila mtu aliona kiti cha Mzee kina watu wawili nyuma yake.

Machi 1966 ndio kisu kilitolewa. KANU iliitisha mkutano Limuru, na TJ kama katibu mkuu ndiye aliyeupanga. Cheo cha makamu wa rais wa chama kikavunjwa, pahali pake vikawekwa vyeo vinane, vya mikoa na Nairobi. Hakuna mtu alihitaji kumfuta Jaramogi. Kiti chake kilitolewa tu chini yake. Mwezi uliofuata akajiuzulu serikalini na kujiunga na KPU. Wabunge waliomfuata wakapitishiwa sheria chapuchapu: ukihama chama, rudi debeni. KPU ikapata viti 9 pekee. TJ alikuwa ameshinda.

Ama alidhani ameshinda. Kuna stori ya Roma ya kitambo inafanana na hii. Caesar, Pompey na Crassus walishikana watatu wakatawala, lakini Crassus alipokufa vitani, waliobaki hawakuwa na mtu wa katikati tena. Wakageukiana mpaka vita. Hapa kwetu pia, Jaramogi akiwa nje, watu wa karibu na Mzee hawakumhitaji TJ tena. Kwao sasa yeye ndiye alikuwa tishio.

Na walimjibu kwa silaha ile ile, kanuni. 1968, afya ya Mzee ikiwa inayumba, ukaletwa mswada wa katiba uliotaka rais awe na angalau miaka 40. TJ alikuwa na 37. Si lazima uwe wakili kuona hiyo ililenga nani. Bunge likakataa, umri ukashushwa hadi 35. Lakini kipengele kingine kikapita: rais akifa, makamu anashika usukani siku 90 kabla ya uchaguzi. Makamu hakuwa TJ. Alikuwa Daniel arap Moi.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, TJ akiwa ametoka tu Addis Ababa, alipitia duka la dawa la Chhani pale Government Road, leo Moi Avenue. Akitoka mlangoni akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 38. Nahashon Njenga Njoroge akashtakiwa, akahukumiwa na kunyongwa mwaka huo huo. Nani alimtuma, hilo swali linaulizwa mpaka leo.

Siku ya misa Holy Family, Mzee alipofika watu walizua, makarao wakarusha vitoa machozi. Oktoba kukawa na damu Kisumu, KPU ikapigwa marufuku na Jaramogi akafungiwa. Miezi michache tu, na majogoo wawili wa ziwa walikuwa wameisha, mmoja kaburini Rusinga, mwingine kizuizini. Mzee alipokufa Agosti 1978, kile kipengele cha siku 90 kikafanya kazi, na Moi akakaa miaka 24.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. TJ alikuwa kichwa, labda mkali kuliko wote wa rika lake, na mitaa ilimpenda kwa haki. Lakini pale Limuru alionyesha wenzake kwamba mpinzani anaweza kuondolewa kwa kupindisha kanuni, bila kumshinda kwa kura. Walichukua hilo somo wakamrudishia. So next time ukingojea beshte yako pale kwa sanamu, angalia ng'ambo ya barabara. Hatua chache kutoka hapo ndipo alianguka.