Niels Finsen, Mganga wa Nuru

Niels Ryberg Finsen alizaliwa mwaka 1860 katika mji wa Tórshavn, katika Visiwa vya Faroe, nchi ya mawingu mengi na jua haba. Alisoma Iceland, kisha mwaka 1882 akaenda Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, kujifunza uganga. Huko alishikwa na maradhi yaliyomdhoofisha moyo na ini, nayo hayakumwacha mpaka kufa kwake.

Chumba chake kilielekea kaskazini, wala jua halikuingia humo. Akatambua ya kuwa kila alipoota jua mwili wake ulipata nguvu kidogo. Husimuliwa pia kwamba alimwona paka akiota jua. Kivuli kilipomfikia, paka aliinuka akalifuata jua. Basi Finsen akaazimu kuchunguza kazi ya nuru mwilini.

Siku zile watu wengi wa Ulaya walikuwa na kifua kikuu cha ngozi, ugonjwa ulao pua na midomo polepole. Aliyeupata alijificha kwa aibu. Finsen alijua ya kuwa nuru huweza kuua vijidudu. Akatengeneza vioo vya kukusanya nuru ya taa kubwa ya umeme, na kati ya vioo akaweka maji ya kuondoa joto, ngozi isiungue. Mwaka 1895 alimtibu mtu ambaye dawa nyingine zote zilikuwa zimemshinda. Vidonda vyake vikaanza kufunga. Mwaka 1896 ikafunguliwa nyumba ya kutibu kwa nuru, na mamia ya wagonjwa wakapona.

Mwaka 1903 Finsen alipewa tuzo ya Nobel. Wakati huo alikuwa mtu wa kiti cha magurudumu, hata hivyo sehemu ya fedha zile aliitoa kwa ajili ya wagonjwa. Alikufa tarehe 24 Septemba 1904, mwenye umri wa miaka 43.

Baadaye wataalamu walivipima vioo vyake, wakaona vilizuia mionzi mingi aliyoitegemea. Yaelekea nuru iliamsha rangi iliyomo ndani ya vijidudu, ikazaa oksijeni kali iliyoviua. Leo ugonjwa ule hutibiwa kwa dawa za kumeza, lakini magonjwa mengine ya ngozi hutibiwa kwa nuru hata sasa. Finsen hakujiponya mwenyewe, bali aliwarudishia wengi nyuso zao.