Justus von Liebig na Fataki za Gulioni

Justus von Liebig alizaliwa mwaka wa 1803 mjini Darmstadt, Ujerumani. Baba yake aliuza rangi na dawa. Shuleni kijana huyu alikuwa mzito wa kukariri, na elimu aliyoitamani aliipata gulioni, ambako mchuuzi mmoja aliunda vitu vya kuchezea vilivyoalika. Siri yake ilikuwa fulminati ya fedha, kampaundi ambayo msuguano mdogo tu huisambaratisha, gesi zikafumka ghafla kwa kishindo. Hadi leo vifataki vya karatasi vya kutupwa chini hutiwa chembe yake isiyofikia hata miligramu moja.

Husimuliwa kwamba Liebig, akiwa mwanagenzi wa mwuza dawa huko Heppenheim, alifukuzwa kwa kulipua dari. Kisa hiki kinapendeza, ila barua zilizosalia zinaelekeza kwingine: baba alishindwa kulipa ada.

Mnamo 1822 alikwenda Paris kwa ufadhili wa mtawala wa Hesse. Huko, akishirikiana na Gay-Lussac, aliipima fulminati ile ile ya utotoni. Mwaka wa 1824, akiwa na umri wa miaka 21, aliteuliwa kufundisha katika Chuo Kikuu cha Giessen.

Wakati huo huo Friedrich Wöhler alikuwa ameichunguza sainati ya fedha, ambayo hailipuki hivyo. Ajabu ni kwamba vipimo vya wawili hao vililingana: elementi zile zile, kwa uwiano ule ule. Liebig, ambaye hasira zake zilikuwa karibu, alimshutumu mwenzake kwa kukosea. Alipopima upya, akakiri mnamo 1826 kwamba Wöhler alikuwa sahihi. Mwaka wa 1830 Berzelius aliipa hali hiyo jina la isomeri. Ni kama maneno lima na mali: silabi hazikubadilika, mpangilio ndio uliobadilika. Leo inajulikana kwamba katika sainati kaboni hukaa katikati, ilhali katika fulminati naitrojeni ndiyo hukaa katikati, na kifungo chake na oksijeni ni dhaifu.

Mahasimu hao waligeuka masahibu. Mwaka wa 1832 walichapisha pamoja utafiti mashuhuri kuhusu benzoili, na kila Liebig alipowavamia wanakemia wengine kwa kalamu, Wöhler ndiye aliyemtuliza. Liebig alifariki mjini Munich mnamo Aprili 18, 1873. Wöhler akamfuata mwaka wa 1882.