Augustino na Mama wa Mtoto Wake

Wanachuo wenzangu, jina la Augustino si geni kwetu. Pale Mwanza kuna chuo kikuu kizima kinachoitwa kwa jina lake. Ila wengi tunamjua akiwa tayari mtakatifu. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu kijana mwenye mambo yake.

Alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji ambao leo uko Algeria. Akisoma Carthage, hata miaka 20 hajafikisha, akaanza kuishi na mwanamke bila ndoa. Wakapata mtoto wa kiume, Adeodatus.

Kazi yake ilikuwa kufundisha ufasaha wa kusema. Wanafunzi wa Carthage walimchosha kwa fujo, akahamia Roma. Kumbe wa Roma walikuwa wapole, ila siku ya kulipa ada ikikaribia wanahamia kwa mwalimu mwingine!

Mwaka 384 akapata kazi ya heshima Milano. Sasa ndoa ya familia yenye uwezo ikawa na faida, na mama yake, Monika, akahangaikia mchumba. Yule mwanamke wa miaka yote akarudishwa Afrika. Mtoto akabaki kwa baba. Mchumba alikuwa bado binti mdogo, ikabidi kusubiri kama miaka miwili. Augustino akashindwa kusubiri, akachukua mwanamke mwingine.

Mwaka 386 akaongoka, akaacha kazi na uchumba pia. Pasaka ya 387 Askofu Ambrosi alimbatiza pamoja na Adeodatus. Mazungumzo ya baba na mwana yakawa kitabu kuhusu mwalimu, ambacho sisi wa ualimu tungefaidika kukisoma. Kijana akafa mapema. Augustino akawa askofu wa Hippo hadi alipofariki mwaka 430, Wavandali wakiwa wameuzingira mji.

Katika Maungamo yake alikiri hata pea alizoiba akiwa na miaka 16. Alikiri pia kwamba kuachana na yule mwanamke kulimuumiza, na kwamba mwenzake aliondoka akiapa kutokuwa na mwanamume mwingine. Jina lake hakuliandika.

Wapo wanaosema alimsitiri. Inawezekana. Lakini mimi naona hivi: kutubu kulimbadilisha Augustino kweli, ila hakukumrudishia yule mama mtoto wake. Tukisimulia habari za walioongoka, tuwaulizie na waliolipia makosa yao.