Rajendra Chola wa Kwanza na Hati za Shaba

Mtahiniwa, maswali kuhusu vyanzo vya historia hukutaka ueleze faida na kasoro za maandishi ya kale. Wengi hukariri orodha ya hoja na kukosa mifano. Soma maisha ya mfalme huyu kwa makini, nawe utapata mfano wa kutetea kila hoja.

Rajendra alikuwa mwana wa Mfalme Rajaraja wa Kwanza, mtawala wa dola ya Chola kusini mwa India tangu mwaka 985. Baba yake ndiye aliyejenga hekalu kubwa la Thanjavur, lililokamilika mwaka 1010. Mwaka 1012 Rajendra alianza kutawala pamoja na baba yake, na mwaka 1014 akabaki mfalme peke yake.

Aliipanua dola kwa vita. Alikamilisha utekaji wa Sri Lanka, kisha jeshi lake likasonga kaskazini hadi Mto Ganges na kurudi na maji ya mto huo. Kwa kumbukumbu ya ushindi huo alijenga mji mkuu mpya, Gangaikonda Cholapuram, wenye hekalu ambalo lingalipo hadi leo. Mwaka 1025 merikebu zake zilivuka bahari na kuishambulia dola ya Srivijaya katika Asia ya Kusini-Mashariki. Alifariki mwaka 1044, akarithiwa na mwanawe Rajadhiraja.

Sasa zingatia jambo ambalo watahiniwa wengi huliruka. Mfalme alipotoa kijiji kwa hekalu, kwa kawaida wakulima hawakuhamishwa. Kilichobadilika ni nani atapokea kodi na mazao yao. Kwa hiyo kila aliyehusika alihitaji ushahidi, kwa kuwa mfalme hufa na amri ya mdomo husahaulika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Utaratibu ulikuwa hivi. Amri iliandikwa kwanza kwenye majani ya mti wa jamii ya mtende. Maofisa na wanakijiji walizunguka mipaka wakimfuata tembo jike. Wakasimika mawe na kupanda mimea yenye utomvu, ya jamii ya mnyaa, kuwa alama. Mwishowe maneno yalichongwa kwenye mabamba ya shaba, ambayo hayaozi wala hayaliwi na mchwa. Mabamba yaliunganishwa kwa pete yenye mhuri wa mfalme. Mhuri wa Chola ulikuwa na chui milia, alama yao wenyewe, pamoja na samaki wawili na upinde, alama za falme za Pandya na Chera.

Mfano wa kwanza ni Mabamba ya Leiden, yaliyopewa jina hilo kwa sababu yalipelekwa Uholanzi. Rajaraja alitoa mapato ya kijiji cha Anaimangalam kwa nyumba ya watawa wa Kibudha mjini Nagapattinam, iliyojengwa na wafalme wa Srivijaya. Alifariki kabla amri haijachongwa kwenye shaba. Rajendra ndiye aliyeamuru ichongwe, ili ahadi ya baba isife pamoja naye. Mfalme huyo huyo ndiye aliyekuja kuishambulia Srivijaya mwaka 1025.

Mfano wa pili ni Mabamba ya Tiruvalangadu, yaliyogunduliwa mwaka 1905. Ni mabamba 31 yanayoeleza jinsi kijiji cha Palaiyanur kilivyotolewa kwa hekalu la Shiva. Sehemu ya Kisanskriti inasifu ukoo wa kifalme. Sehemu ya Kitamili inataja mipaka, kodi na maofisa.

Katika jibu lako, tumia mifano hii hivi:

(a) Faida: maandishi yalidumu karibu miaka 1,000. Yanataja majina, mwaka wa utawala na mipaka, na yanaonyesha uhusiano wa serikali, dini na kilimo.

(b) Kasoro: yaliandikwa kwa amri ya mfalme, hivyo ushindi wake umepambwa. Mkulima aliyelipa kodi hakupewa nafasi ya kusema. Aidha, hati ya Tiruvalangadu ina tarehe ya mwaka wa sita wa utawala, lakini sifa zake zinataja vita vilivyopiganwa baadaye. Maana yake, sehemu hiyo iliandikwa baada ya tarehe hiyo.

Usiseme tu kwamba chanzo kina upendeleo. Onyesha upendeleo huo upo sehemu gani ya hati, na sehemu gani bado inaaminika. Mfalme aliweza kuzidisha sifa za vita vyake, lakini mpaka wa shamba ulijulikana na kila jirani.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini amri ya mfalme ilichongwa kwenye shaba?
2. Eleza tofauti ya sehemu ya Kisanskriti na ya Kitamili.
3. Kwa kutumia mifano miwili, jadili kasoro za maandishi ya kale kama chanzo cha historia.